Pete Nyekundu ya Mkiani

Jumatatu, 3 Machi

Mzee Taratibu anastaafu! Ametangaza leo asubuhi mbele ya ofisi nzima, kikombe cha chai mkononi, biskuti mdomoni. Tunamwita hivyo kwa sababu kila swali hulijibu kwa neno hilo hilo moja. Nimemngoja kwa adabu miaka yote. Sasa kiti cha mkuu wa sehemu ya mkia wa helikopta kitakuwa wazi, na chumba chake kina mlango. Mlango! Mimi meza yangu iko kwenye njia ya kwendea chooni, na kila apitaye hunipiga kiwiko.

Tunaofaa ni wawili. Yaani, anayefaa ni mmoja, halafu kuna Rula. Huyu ni dada mmoja mwenye nyodo, anayetembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa koti la kazi na hapiti mahali bila kupima kitu. Nimemwona kwa macho yangu akipima keki ya siku ya kuzaliwa ya katibu muhtasi ili igawanywe sawa. Kila mmoja wetu amebuni feni yake. Ijumaa Mkurugenzi anakuja kuziona zikijaribiwa, na atakayeshinda ndiye atakayeingia kwenye chumba chenye mlango.

Nyumbani nimeshasema nimeshinda. Ya nini kungoja? Mke wangu alifurahi sana. Mama mkwe, ambaye alikuja kutusalimia na mpaka leo bado anatusalimia, akauliza nimekuwa mkuu wa nini hasa. Nikamweleza kwa lugha ya watoto wadogo. Panga kubwa la juu la helikopta likizunguka huku, mwili wa helikopta unataka kuzunguka kule. Ukiachiwa, rubani atazungushwa kama pia mpaka atapike. Kwa hiyo tunaweka feni ndogo mkiani, iusukume mkia kinyume, na chombo kinatulia. Helikopta nyingine feni hiyo iko wazi, inaweza kumkata mtu. Ya kwetu imekaa ndani ya pete nene, salama salimini.

Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akasema, sasa mkwe wangu, kama kazi yako ni feni, mbona hii ya sebuleni imekufa tangu nilipofika?

Nimezima taa, nimekwenda kulala.

Jumanne, 4 Machi

Leo tumepima sauti. Siku ya kishenzi.

Mzee alikuwa amependekeza zamani kwamba mapanga ya feni yasipangwe kwa nafasi sawa. Mengine yakaribiane, mengine yaachane, eti sauti igawanyike, isiwe mlio mmoja. Rula, kwa kupenda kujipendekeza, akakubali. Feni yake ukiitazama unaona mtu aliyeng'olewa meno. Yangu nimeipanga sawasawa panga kwa panga. Kitu cha kupendeza, ungeweza kukitundika ukutani.

Ya kwake iliwashwa kwanza. Ikafanya shuuu, basi. Hata haina haya! Feni isiyosikika utajuaje kama inafanya kazi?

Kisha yangu. Sikatai, ililia. Ilikuwa filimbi moja ndefu, nyembamba, isiyovuta pumzi. Mhasibu akashuka mbio kutoka ghorofani na mkoba wake akiamini kuna moto. Wafanyakazi wa jengo la jirani wakatoka wote, wakajipanga uwanjani, wakaanza kuhesabiana. Mzee alisema jambo fulani, lakini kwa bahati njema hakuna aliyeweza kulisikia.

Ilipozimwa, Rula akanifuata. Kwa upole wake ule wa kukata maini akaniambia, kaka, muda bado upo, yasogeze mapanga, nitakusaidia kupima. Kunisaidia! Mimi! Na akasema pale pale kwenye kundi la watu, ili wote waone alivyo na moyo mzuri. Nikamjibu kwamba rubani huvaa vizibo vya masikio na kwamba asijitafutie umaarufu mgongoni mwangu.

Basi, alama za sauti kazichukua. Azile. Mimi nimebaki na msukumo, na Mkurugenzi anachopenda ni nguvu. Feni yangu lazima iusukume mkia kwa nguvu kuliko yake. Nimekula chakula cha jioni uso umekunjamana, nikifikiria, na mama mkwe akamwambia mke wangu kwamba wakubwa wa kazi siku hizi hawana furaha.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Mwanya!

Kati ya ncha za mapanga na ukuta wa pete lazima kuwe na mwanya, mapanga yasikwaruze. Lakini hewa nayo ni mjanja, hutoroka kupitia hapo hapo. Mwanya ukipungua, msukumo unaongezeka. Kila mtu anajua. Lakini kila mtu ni mwoga. Rula ameacha mwanya ambao panya anaweza kupita na mizigo yake.

Mimi nimekwenda kwa fundi wa kukereza vyuma nikamwagiza mapanga mapya, marefu zaidi, yanayokaribia kulamba ukuta. Ameniangalia kwa jicho la mashaka. Nikamwambia ni amri ya mkuu mpya wa mkia. Akauliza ni nani. Nikatazama dirishani, nikamwacha afikirie mwenyewe.

Mchana nimeyafunga. Ukiyazungusha kwa mkono yanapita, karatasi tu ndiyo inayoingia katikati. Rula akaja na rula yake, akainama, akapima, akapima tena. Akasema mapanga yakienda kasi huvutika, yanarefuka kidogo tu, na kwa mwanya huu yatagusa chuma. Nikacheka kwa sauti mpaka Mzee akachungulia. Nikamwambia Rula kwamba asiye na hoja huanza kutisha watu. Akashika njia yake.

Wivu mtupu! Niliuona usoni pake.

Sasa limebaki jambo moja, sura. Pete zetu zote mbili ni za kijivu, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mkurugenzi ataingia, ataona kijivu na kijivu, atajuaje ipi ni ya mtu mwenye kipaji? Nitapaka rangi. Nyekundu. Nje, mdomo wa pete, na ndani kote, ing'ae. Kesho Rula anakwenda kliniki ya macho, karakana itakuwa yangu. Sitamwambia mtu. Nataka waone ghafla, watoe macho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepaka. Loo, jinsi inavyopendeza!

Mara ya kwanza kijivu kilikuwa bado kinachungulia. Nikapaka tena. Mara ya pili ikatokea michirizi. Nikapaka tena juu yake. Nikasogea nyuma, nikaona upande wa chini umefifia kuliko wa juu, nikaongeza. Kopo likaisha. Nikafungua la pili. Sikuyatoa mapanga, ni kazi ya kupoteza muda, nilipenyeza brashi katikati. Ukutani ndani imekaa nene na laini, ukiiminya kwa kidole inabonyea kidogo. Ilivyo laini ndivyo ilivyo ya kitajiri.

Nilipojaribu kuyazungusha mapanga kwa mkono yalikuwa mazito kidogo. Ni baridi. Nimeifunika pete kwa turubai.

Nimerudi nyumbani na rangi kwenye nywele zote na sikio moja. Mama mkwe akaniona mlangoni. Akauliza kama wakuu wa mkia ndio wapakaji wa rangi. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akanikalisha kwenye kigoda, akanisugua kichwa kwa nguvu ambazo sikutegemea kwa mtu wa umri wake. Wakati huo wote alikuwa akitabasamu. Akasema kesho atakuja, maana kadi ya mwaliko inaruhusu mgeni mmoja, na mke wangu ana zamu hospitalini. Anataka kuiona ofisi yangu yenye mlango.

Nimesema sawa. Kufikia kesho saa ya chakula itakuwa yangu kweli, kwa hiyo sikusema uongo, niliwahi tu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kama kuku anayechakura.

Karakana ilijaa. Mkia mzima wa helikopta, mrefu kuliko gari, umefungwa kwenye ekseli katikati ya sakafu ili uweze kuzunguka. Mota inauvuta upande mmoja, kama panga kubwa la juu linavyofanya angani, na feni inatakiwa kuusukuma urudi mpaka utulie sawa na mstari mweupe wa sakafuni. Ukutani kuna mita kubwa inayoonyesha msukumo. Mkurugenzi alikaa safu ya mbele, shati jeupe, suti ya rangi ya maziwa. Kando yake mama mkwe, mkoba magotini, kama yeye ndiye aliyemwalika.

Feni ya Rula ilitangulia. Shuuu. Mkia ukanyooka kwenye mstari. Mita ikafika mahali pa heshima, watu wakapiga makofi ya heshima. Nikapiga na mimi, kwa vidole viwili.

Kisha ikatolewa, yangu ikafungwa mahali pake, nikavuta turubai langu. Aaah! wakasema. Walitoa macho, nakiri sikukosea. Mkurugenzi akasogeza kiti karibu. Nikabonyeza swichi.

Filimbi ilianza. Halafu kikaja kitu kingine ndani ya filimbi, krrrr, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Na ghafla pete ikaanza kutema. Nyekundu! Vipande, nyuzi, unga, matone, vyote vikiruka kwa kasi, na vyote vikielekea safu ya mbele. Suti ya maziwa ikawa na tetekuwanga. Katibu muhtasi akapiga kelele akidhani kuna mtu amekatwa. Mama mkwe alifungua mwavuli. Sijui ni nani hubeba mwavuli ndani ya karakana, lakini yeye alikuwa nao.

Mkurugenzi akasimama. Akafuta jicho moja. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, ni nani aliyepaka rangi ile.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Mtu mwingine angebabaika. Mimi nikanyoosha kidole bila kusita. Rula! Nikasema feni ni yangu, naam, lakini rangi ni ya Rula. Nikasema alinizidi nguvu kwa hoja, alikuja na makopo yake, akapaka ndani ya pete yangu huku mimi nikimsihi aache. Rula akabaki mdomo wazi. Nikaona haitoshi, nikaapa. Nikasema, kama ni mimi niliyepaka rangi ile, basi mama mkwe wangu afe hapo hapo alipokaa!

Mwavuli ukashuka polepole. Akanitazama. Nikakumbuka yupo.

Rula ndiyo kwanza anaanza kusema si kweli. Hapo krrrr ikakoma. Pete ilikuwa imemaliza kutema. Na mkia, ambao ulikuwa umeyumba, ukarudi, ukanyooka kwenye mstari, ukatulia tuli. Mita ikapanda. Ikapita alama ya Rula. Ikaendelea! Mzee Taratibu alitembea kuelekea kwenye mita haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Akazima mashine, akaingiza kidole kwenye pete, akapapasa. Akageuka machozi yakimlenga. Akasema hajawahi kuona mwanya mwembamba hivyo. Mapanga yamejichongea nafasi yenyewe ndani ya rangi, nafasi ile ile yanayoihitaji, haijazidi wala haijapungua. Akasema mapanga haya yamekatwa marefu kipumbavu, yangegusa chuma yangepasuka na kutuua sote, na kilichotuokoa ni huo utando laini ulioliwa badala yake. Akasema aliyefikiria kupaka kitu laini ndani ya pete ni mtu wa akili kubwa.

Rula akafunga mdomo. Akaitazama mita. Akanitazama mimi. Akaitoa rula yake mfukoni, akaifuta kwenye koti, na akasema kwa unyenyekevu wa kutapisha kwamba ilikuwa ni wazo dogo tu.

Nyoka! Nyoka wa chuma!

Nikaruka. Nikasema nilikuwa natania, rangi ni yangu, ya kwangu peke yangu. Mkurugenzi, uso mzima madoadoa, akauliza kama nina kawaida ya kuapa kwa mzaha. Nikasema nina shahidi. Nikamgeukia mama mkwe. Nikamwambia, mama, si jana ulinisugua rangi nyekundu kichwani kwa mikono yako?

Mama mkwe akafunga mwavuli, akaufunga na kifungo chake. Akasema yeye ni mgeni hapa. Akasema jana alikuwa hai na leo, baada ya kuapiwa, hana hakika, na mtu wa hali hiyo hawezi kutoa ushahidi. Rangi? Hakuona rangi.

Wakacheka. Wote! Hata mhasibu!

Rula amepewa kiti. Amepewa pia ofisi. Nilimwona akiufungua na kuufunga mlango, akapima bawaba.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe haongei na mimi. Anaongea na mke wangu kuhusu mimi nikiwa hapo hapo. Mke wangu ameambiwa yote, pamoja na kwamba mimi si mkuu wa kitu chochote. Hakunikasirikia. Alilala chini kwenye zulia akacheka mpaka akashika mbavu. Ningependelea angekasirika.

Ameniambia nimwombe mama yake radhi. Mama yake amejibu, kupitia kwake, kwamba radhi ni feni ya sebuleni.

Nimeifungua. Nyaya mbili zilikuwa zimechomoka, kazi ya kitoto. Nikaziunga, nikaiwasha mbele ya wote. Ikazunguka! Nikainama kama mtu anayepokea tuzo. Mama mkwe akakaa mbele yake, akangoja. Pazia la nyuma ya feni likavimba na kuanza kupepea. Yeye mwenyewe hakupata upepo hata kidogo, isipokuwa leso yake iliyomtoka mapajani ikaenda kunata kwenye wavu wa feni. Nilikuwa nimezigeuza nyaya. Feni ilikuwa inazunguka kinyume.

Akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana. Kwamba feni za watu wengine hupuliza, ya kwangu inavuta.

Wengine wangeona aibu. Mimi nimekaa nikilitazama pazia lile, na nimepata wazo zuri mno hata nimesahau kumbandulia leso yake.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika haya stoo, nimekaa juu ya makopo ya rangi. Wageni wameanza kuingia. Leo ni leo!

Rula amejenga feni mpya. Pete yake, mapanga yake ya mapengo, na ndani utando laini wa kuliwa, ambao ni wangu, wangu, wangu. Amealika wanunuzi. Mkurugenzi amekuja na suti mpya, nyeusi safari hii.

Nimefika asubuhi kabla ya mlinzi kumaliza kufungua mageti. Feni hii ina vijiti vinavyoshika pembe ya mapanga. Nimevilegeza, nimeyageuza mapanga yote yatazame upande wa pili, nimekaza tena vizuri. Kwa macho huwezi kujua. Mota itauvuta mkia kulia, na feni badala ya kuurudisha nayo itausukuma kulia. Mkia utachukua karakana nzima. Utafagia meza ya chai, biskuti, vikombe, yote! Na jina la mwenye feni litakuwa kichekesho mpaka atakapostaafu. Rula ataona kilichomtoa kanga manyoya.

Hilo moja. La pili ni heshima yangu. Mwisho wa wiki nimejichunguza kwa kina na nimegundua kosa langu la Ijumaa. Kosa halikuwa mapanga, wala rangi, wala kiapo. Kosa lilikuwa kukana kazi yangu mwenyewe. Sitarudia kamwe. Leo nimemsubiri Mkurugenzi mlangoni, nikampa mkono, nikamwambia waziwazi kwamba feni anayokuja kuiona ni yangu. Pete yangu, utando wangu, pembe za mapanga nimezipanga mimi kwa mikono yangu miwili. Rula amepima tu.

Akaitwa Rula. Nilijiandaa kwa vita. Alikuwa ametoka kuikagua feni, rula mkononi. Akaitazama feni, akanitazama mimi, kisha akamwambia Mkurugenzi kwamba kaka anasema kweli. Hasa pembe za mapanga, akasema, hizo ni za kwake kabisa, yeye asingethubutu. Hakubisha hata kidogo! Ukisimama imara, hawa watu hunywea. Hata kiti chake cha mbele amekiacha, amekwenda kusimama kule mbali, nyuma ya nguzo ya zege, kwa aibu. Mzee Taratibu naye kamfuata.

Mkurugenzi amefurahi. Amesema anapenda mtu anayesimama na kazi yake, na kwamba atalitangaza jina langu kwa kipaza sauti kabla feni haijawashwa. Nimemwomba akae karibu na mkia, upande wa kulia, aone vizuri. Kiti kilichobaki hapo nimempa mama mkwe. Amekuja na mwavuli. Nimemwambia hautahitajika.

Nasikia kipaza sauti. Wamelitaja jina langu, na watu wanapiga makofi. Nakwenda kubonyeza swichi.